Pandora wa Ndola

Nakumbuka Jumanne moja barua ilipotufikia Katuba, hapa Lubumbashi, mwanangu, nami nikajiona msomi kuliko watu wote waliokaa kwenye mikeka. Tulikuwa katika kilio cha baba mkubwa, kaka wa baba yangu, mtu wa reli maisha yake yote, ambaye miaka mingi aliifanya kazi hiyo huko Ndola, ng'ambo ya mpaka. Misa yake ya siku arobaini ilikuwa Jumamosi. Barua ilitoka kwa rafiki yake wa kazini, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa shangazi yangu Kitwe, ng'ambo hiyohiyo, na nyumbani waliniita Mwingereza. Jina hilo lilinivimbisha kichwa, sitaki kukuficha.

Mjane, mama Adèle, ndiye aliyemwandikia yule rafiki. Kabla ya misa alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini mume wake na mdogo wake, baba mdogo Léonard, waligombana Ndola hata wakakaa miaka mingi bila kusalimiana. Basi nikasimama, nikawa nasoma na kutafsiri kwa sauti. Pole zilitoka vizuri. Kisha nikafika penye jibu lenyewe kuhusu ugomvi ule, au palabre kama tunavyosema hapa.

"Anasema hivi: ile palabre ya Ndola ni sanduku ya Pandora. Musiifungule."

"Pandora njo nani?" akauliza shangazi mmoja.

Mwanangu, sikujua. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Lakini watu zaidi ya ishirini walikuwa wananitazama, na Mwingereza gani huyo hajui Kiingereza?

"Ni jina ya mwanamuke," nikajibu. "Pengine bibi moja wa kule."

Basi! Ilitosha. "Kumbe balikuwa banagombania mwanamuke!" mmoja akasema. Mwingine akaongeza kwamba sanduku la marehemu liko kwa huyo bibi, na lazima mtu atumwe kulifuata. Kufika saa sita Pandora alikuwa na watoto wawili. Jioni alikuwa tayari na nyumba. Mimi nilimwangalia mwanamke niliyemzaa kwa mdomo wangu akikua haraka hivyo.

Mama Adèle hakupiga kelele. Alifungua kitambaa cheusi cha kilio kichwani mwake, akakiweka juu ya mkeka, akainuka.

"Ile misa mutaenda benyewe," akasema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Unaelewa maana yake? Mjane asipoonekana kwenye misa ya arobaini, mji mzima unajua kwamba amemkana mume wake. Na mwanamume yule, nakuapia, alikuwa mtu mwema. Baba mdogo Léonard alikuwa amekaa palepale karibu na mlango. Yeye alijua kwamba hapakuwa na mwanamke yeyote. Aliangalia viatu vyake.

Siku ya tatu nilipita karibu na dirisha la mama Adèle, nikamsikia anaongea na mume wake kana kwamba yumo chumbani. Alimtukana. Alimwita kwa majina ambayo sitayaandika. Hapo ndipo niliposema na nafsi yangu kwamba jambo hili nitalimaliza mimi, hata wakinifukuza.

Nikatembea kwa miguu kutoka Katuba hadi mjini, kwa masela mmoja mzee, mtawa aliyefundisha Kiingereza katika shule ya wasichana. Nilimweleza yote. Alivua miwani.

"Kukosa kuyua Kingereza haina zambi," akasema. "Lakini weye umemuozesha mufu bibi."

Kisha akanifundisha. Pandora ni mwanamke wa hadithi za kale za Wagiriki. Alipewa chombo na kuambiwa asikifungue. Alikifungua, na humo yakatoka magonjwa, wivu, ugomvi na taabu zote, yakatawanyika duniani. Alipowahi kukifunika, kilichobaki chini kilikuwa tumaini peke yake. Ndiyo maana Waingereza, na Wafaransa pia, husema fulani amefungua sanduku la Pandora wakiwa na maana kwamba ameanzisha jambo ambalo shida zake hutoka nyingi na hazirudishiki ndani. Haisemwi kwa siri yoyote tu, akanionya, wala kwa sanduku la nguo. Yule rafiki wa Ndola alikuwa anatuomba kitu kimoja: ugomvi ule wa zamani tuuache ulale.

Niliporudi, baba mdogo Léonard alinizuia langoni.

"Iache," akaninong'oneza. "Kisha misa bantu batasahau."

Nikaelewa. Akiondoka Pandora, watu watamgeukia yeye na kumuuliza waligombania nini.

"Baba mudogo, mi njo niliisema," nikamjibu. "Mi njo nitaiondoa."

Nikampita. Nikasimama katikati ya mikeka ileile, mbele ya watu walewale, nikasema kwamba nilisema uongo, kwamba neno lile sikulijua, na nikaeleza maana yake. Yule shangazi aliyeuliza akafyonya. Vijana wakacheka, na mmoja akauliza kama Kitwe nilikwenda kusoma au kuuza samaki. Niliendelea kusema mpaka mlango wa chumba ukafunguka.

"Hakukuwa mwanamuke?" akauliza mama Adèle.

"Hakukuwa, mama. Nilisema bongo."

Akamgeukia Léonard, ambaye alikuwa amenifuata ndani na alikwisha kufungua mdomo ajitetee. Akamwinulia mkono.

"Palabre yenu ikae. Rafiki yake alisema tusiifungule, hatutaifungula."

Kisha akanishika mkono, akaniingiza chumbani. Juu ya kitanda kulikuwa na picha ya ndoa yao, ya pekee waliyokuwa nayo, imechanwa vipande vidogo vidogo.

"Na hii nitafanya nayo nini?" akaniuliza.

"Siyui, mama," nikasema, na nikalia.

Jumamosi alifunga kitambaa chake cheusi, akaniweka kando yake kwenye benchi la mbele, watu wote wakituona. Alinisamehe. Picha ile haikuungika.

Leo, mwanangu, vijana wa Lubumbashi mnakimbilia Kiingereza kwa ajili ya kazi za migodi, na simu inawatafsiria kila kitu. Jifunzeni, tena kwa bidii. Lakini neno usilolijua usilitafsiri mbele ya watu. Sema sijui, waache wacheke, kisha nenda kamuulize anayejua. Na ukishakosea, usingoje wasahau. Rudi ukaseme palepale ulipokosea, mbele ya walewale waliokusikia.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui, na miguu ya kwenda kuuliza siku ileile. Mimi nilikwenda siku ya tatu.