Tumbo la Kiti cha Baba

Mama Makochi hakuwahi kuogopa kiti. Katika karakana yake ya kando ya barabara alikwisha kupasua makochi ya kila namna: ya maharusi, ya walevi, ya ofisi zinazonuka sigara. Aliyapindua miguu juu, akang'oa pini kwa bisibisi, akatoa sponji iliyochoka na kutia mpya, huku akitaniana na wapita njia. Kiti kimoja tu kilimshinda.

Kiti hicho kilikuwa sebuleni kwa mama yake. Baba alikuwa amekikalia maisha yake yote, mpaka kikafanya shimo la umbo lake, lililozama zaidi upande wa kushoto kwa sababu mzee alipenda kuegemea redio. Tangu azikwe, hakuna aliyethubutu kukikalia. Wageni walikizunguka kama kuna mtu amelala pale.

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali mama yake. Alimkuta kwenye kigoda, magoti karibu yaguse kidevu, na shangazi, dada wa marehemu, kajinyoosha akalijaza kochi lote.

"Kile kiti utanitengenezea lini?" mama akauliza.

"Nikipata nafasi, mama."

"Nafasi! Cha jirani umekimaliza juzi. Mimi magoti yameota kutu, nakaa chini kama mtoto aliyeadhibiwa."

Mama Makochi akatazama sakafu. "Nikikifungua, lile shimo litapotea."

"Na lipotee! Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na shimo."

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa. "Wifi, wewe una mdomo!"

Basi Mama Makochi akaenda karakana, akarudi na zana mkobani na sponji kichwani. Alipiga magoti mbele ya kiti, akatia kiganja ndani ya shimo, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakipindua.

Kitambaa cha chini kilipochanika tu, kiti kikatapika. Kikatoka kijiko, kitana, vifungo, miwani ya jicho moja. Halafu zikamwagika karatasi za peremende, nyekundu na za kijani, zikatapakaa sakafu nzima.

"Peremende!" Mama alisimama bila hata kukumbuka magoti. "Daktari wa meno kamng'oa matatu, mimi nikafunga kabati la sukari kwa kufuli, na yeye ananiambia kinywa kinanukia dawa ya mswaki!"

"Kaka yangu huyo," shangazi akasema kwa fahari.

Kitu kimoja zaidi kikadondoka, kidogo, cha dhahabu. Ilikuwa hereni ya mama, ile iliyopotea zamani, ile aliyotangaza mbele ya ukoo mzima kwamba wifi yake ameiiba.

Shangazi akaiokota taratibu. "Enhe. Mwizi nimekamatwa."

"Wifi..."

"Mwaka mzima hukunipa hata salamu. Nikija hapa, chai nilikuwa naenda kuinywa kwa jirani."

"Nisamehe, wifi yangu. Shetani tu."

"Shetani gani? Kaka yangu alikuwa ameikalia! Alituita hapa, akatupatanisha, akatuhubiria amani saa nzima, na hereni iko chini ya makalio yake!"

Mama Makochi aliona yote: baba na kidole juu, uso wa hakimu, peremende shavuni. Alicheka akaanguka ubavu juu ya sponji. Alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea yenyewe, na wale wawili hawakumwambia anyamaze. Walikaa sakafuni, mmoja kila upande, wakamngoja.

Shangazi akaivaa hereni sikio moja. "Nitakusamehe nikishazeeka nayo."

"Umeshazeeka," mama akamjibu.

Mama Makochi akafuta kamasi, akashika nyundo. Akakaza mikanda mipya, akalaza sponji, akavuta kitambaa mpaka kikanyooka kama shuka la hoteli. Kiti kikasimama bila shimo.

Mama akakaa. Akajisogeza nyuma, akafumba macho, akapumua. Miguu yake ilibaki hewani.

"Haifiki chini," fundi akasema. "Baba alikuwa mrefu. Inuka, mama, nikate miguu ya kiti."

"Siinuki."

"Dakika mbili tu."

"Utakata kesho. Nimengoja sana, bwana."

Mama Makochi akalala kifudifudi sakafuni na futi yake, akaanza kupima, huku visigino vya mama yake vikipita karibu na sikio lake, vikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma.