Kifuniko cha Diski ya Ridwan

Fadhul wa Malukhu aliwahi kutajwa Jinja nzima. Kiwanda cha nguo kilipoleta kompyuta zake za kwanza, yeye na kaka yake Ridwan ndio waliofunzwa kuzitunza. Kiwanda kilipokufa kila mmoja akapewa moja, akaibeba mchana kweupe, wasije watu wakasema kaiba. Fadhul akaoa Mbale, akahamia huko, mtaa wa Malukhu, na yake. Watu walimletea simu mbovu. Alizitengeneza huku jicho liko kwa ile mashine, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Kisha diski yake ikafa. Mashine bila diski ni sanduku, na hizi diski za leo haizitambui kabisa. Aliyoijua yenye kufanana nayo ilikuwa moja tu, kwa Ridwan, na kwa Ridwan hakukanyaga tangu msiba wa mama yao. Lakini macho yalikuwa yanakwenda. Alitaka aione ikiwaka, hata mara moja, kabla giza halijamkuta. Akaenda Jinja kuiomba.

Habibah, mke wa Ridwan, akamtandikia mkeka. Ridwan akaiwasha mashine yake. Diski ikazunguka, maandishi ya kijani yakajipanga. Fadhul akashindwa kuficha meno.

"Nzima," akasema Ridwan. Akaizima, akaichomoa diski, akaipakata, akatoa bisibisi.

"Kaka, hapo hapafunguliwi. Vumbi likiingia imekwisha."

"Najua. Si tulifunzwa pamoja?" Skrubu ya kwanza ikatoka. "Siku ile nilikupigia simu alfajiri."

"Nilikuwa na mashine ya watu mezani, iko wazi..."

"Nasema alfajiri. Tukamwosha mama, tukamvika sanda. Sheikh anatazama saa, mimi namwambia Fadhul yuko njiani. Adhuhuri ikapita. Nikamweka mama yangu juani mpaka alasiri, kwa ajili yako. Ukafika tunanawa udongo."

"Nilikuomba msamaha."

"Nikakusamehe. Kunywa chai, itapoa."

"Baba Shakira," akasema Habibah, "mpe tu aende zake."

"Kwani hapa nafanya nini? Nampa."

Kifuniko kikatoka. Sahani ya ndani iling'aa kama kioo cha bibi harusi. Ridwan akaipitishia kidole taratibu, toka ukingoni hadi katikati, kisha akarudisha kila skrubu mahali pake, akaifunga diski kwa kitambaa safi.

"Chukua, ndugu yangu. Asije mtu akasema Ridwan alikunyima."

Fadhul akaipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo walivyolelewa.

Mbale, mkewe Mastula alimkuta ameinamia mashine. Diski inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza tena.

"Inafanya nini?"

"Inatafuta pa kuanzia."

"Itapapata?"

"Hapana."

"Basi si uizime?"

Mastula akaondoka kwenda kuandaa chakula, akala peke yake, na sauti ile ikiendelea chumba cha pili.