Kahawa Ikiita

Usiku kucha mwanangu alikaa na simu kiganjani, akingoja itetemeke. Jibu la mwenye mkahawa lilifika alfajiri: kahawa ya juzi ina ladha ya majivu, akileta nyingine kama ile, wasijuane.

"Mashine imechoka, mama," akaniambia. "Wakati wa kununua kubwa umefika."

Mashine yenyewe ina miaka mitatu tu, ngoma ya chuma inayozungushwa kwa umeme, inakaanga kilo moja kwa mara moja. Ipo chumba cha uani, kilichokuwa stoo yangu. Kabla yake alifanya kazi miaka tisa kwenye mashine ya kusaga unga, bila kitu cha kuziba masikio. Alikuwa akirudi mweupe kama mzimu, na mezani anaomba chumvi kwa kupiga kelele. Tulikuwa tukimcheka. Dada yake akamwita Redio.

Kahawa anaikaanga kwa sikio. Kuna dakika punje zinaanza kupasuka, ta, ta, ta, kama vijiti vikavu; yeye husema kahawa imeita. Ukiitwa unaitika upesi, la sivyo inaungua. Kwa wiki tatu nimekuwa nikijifanya nafagia pale mlangoni pake. Kahawa inaita, nami namwona ameinamisha kichwa, anangoja. Inaita mpaka inanyamaza. Moshi ukishakuwa mzito ndipo anaifungua ngoma.

Nilikaa na jambo hilo kama mwiba wa samaki kooni. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, utaanzia wapi kumwambia? Na hiyo mashine kubwa ingeunguza kilo tano pale ilipokuwa ikiungua moja.

Asubuhi hiyo akasema anauza pikipiki yake, leo hii, apate mashine. Nikamwambia asubiri, kwanza twende hospitali. Akauliza hospitali kuna nini, nani anaumwa. Nikaanza kumweleza, akanipa mgongo akitafuta funguo za pikipiki, mimi naongea na ukuta. Hasira zikanipanda. Likanitoka lile ambalo kila mzazi humwambia mtoto mkaidi, wala halimuumizi mtu:

"Sikio la kufa halisikii dawa."

Kumbe alikuwa ameshageuka, macho yakiwa mdomoni mwangu. Hilo alilipata lote.

"Kwa hiyo unajua," akasema polepole. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Ukaniacha niunguze kahawa ya watu."

Akaziweka funguo mezani, akaenda chumba cha uani, akajifungia kwa ndani. Nikasikia punje zikimiminwa, kisha ngoma ikizunguka. Nilisimama palepale na ufagio wangu, robo saa nzima, mpaka kahawa ikaita. Nikabisha kwa vidole. Nikabisha kwa ngumi.

"Imeita, baba. Imeita."

Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Nikagonga tena, kwa mpini wa ufagio. Mlango haukufunguka.