Fundi asiyeona wa Cimpunda anayewasomea wenye macho simu zao

BUKAVU — Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Déogratias Mugisho anatoa kigoda nje ya mlango wake, kwenye mteremko wa Cimpunda. Kisha anatoa uzi. Ni bobini kumi na moja, na anazipanga moja moja kando ya ukuta, upande ambao shavu lake linahisi jua. Anachukua simu, anaishikilia juu ya bobini ya kwanza, anangoja.

"Bleu foncé," simu inasema kwa sauti ya mwanamke. Bluu ya giza.

Ya pili, bluu ya giza. Ya tatu, vilevile. Ya nne, simu inasema: "Noir."

"Eh! Nyeusi," anasema Papa Déo, kama mtaa unavyomwita, na bobini inaruka juu ya bega lake hadi ndani ya nyumba. "Ule muuzaji ametia nyeusi tena. Haiko na haya?"

"Angalia unanipiga nayo!" mke wake, Clémence, anajibu kutoka ndani.

"Nitaangalia na macho gani?"

Wote wawili wanacheka. Clémence naye haoni. Walikutana katika kituo cha kufundishia ufundi, miaka ishirini na sita iliyopita, yeye akijifunza kuunga mikono ya sweta, Papa Déo akijifunza mashine ya kufuma.

Papa Déo ana miaka hamsini na mmoja. Surua ilimchukua macho akiwa na kumi na mmoja, na hapo ndipo shule yake ilipoishia, darasa la tano. Ukimwita "mtu mwenye ulemavu wa kuona" anakukatiza. "Andika kipofu," anasema. "Hiyo ingine iko ya semina."

Anafuma sweta za wanafunzi. Asubuhi za Bukavu zina baridi, na kila shule ina rangi yake. Hesabu ya mistari anaichukua kwa sikio, kwa ule mlio wa mashine inapokwenda na kurudi. Wiki nzuri huwapa sweta tisa, na kila moja huwaachia kama dola tatu baada ya kulipa uzi. Kwa sweta hizo walimsomesha binti yao, Joviale, ambaye leo ni muuguzi Uvira.

"Mikono inajua uzi kama ni munene ao mwembamba," anasema. "Lakini rangi haina unene."

Kwa miaka kumi na minne rangi ilikuwa kazi ya Maman Virginie, muuza uzi wa soko la Kadutu. Alikuwa akimwekea bobini mkononi na kusema: hii bluu, hii kijani, hii usichukue, imefifia. Hakumdanganya hata siku moja. Mwaka jana alihamia Kalemie kwa watoto wake. Papa Déo bado humpigia simu kila Jumapili kumshukuru, mpaka mama huyo humwambia: "Déo, acha. Sikufa."

Muuzaji aliyefuata hakuwa Maman Virginie.

Mwezi wa nne, Papa Déo alipeleka sweta ishirini na mbili katika shule ya msingi anayoifumia, mtaa wa Nyalukemba, ambayo rangi yake ni bleu marine, bluu ya giza. Mkurugenzi wake, Maman Ghislaine, alifungua mfuko, akatoa moja, akasema: "Papa Déo, hizi ziko nyeusi. Batoto yangu hawaende ku matanga."

Alizirudisha zote. Lakini hakumfukuza. Alimwambia angempa sweta sitini za kuanza mwaka wa shule, na kwamba zikikosewa tena, oda itakwenda kwa karakana moja yenye mashine za umeme. Shule hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi ya Papa Déo kwa mwaka.

"Angenifukuza siku ile, ningesema iko na haki," anasema. "Alinipa mara ya pili. Ile minamushukuru nayo."

Lakini mara ya pili ilihitaji macho. Aliomba majirani. Nyumba za Cimpunda zimebanana, ndani kuna giza hata mchana, na bluu nzito haitofautiani sana na nyeusi. "Uliza batu tatu, utapata rangi tatu," anasema Clémence. "Na kila mumoja anaapa."

Jibu lilikuja kwa njia ambayo watu wengi huiruka.

Simu ya Papa Déo husoma kwa sauti kila anachogusa. Inapopata mise à jour, yaani toleo jipya la programu, ukurasa hutokea ukieleza mambo mapya. Mwenye macho hubonyeza "Suivant", yaani endelea, na kurudi na maisha yake. Papa Déo naye alikuwa akibonyeza hivyo hivyo, mpaka miaka mitatu iliyopita.

Siku hiyo toleo jipya lilibadilisha namna ya kupokea simu: badala ya kugusa mara mbili kwa kidole kimoja, ni vidole viwili. Hakujua. Kwa siku tatu simu iliita na yeye aligusa, ikaita akagusa, haikufunguka. Siku ya tatu mdogo wake alifika kwa miguu kumwambia kwamba mama yao alikuwa hospitalini, na kwamba tangu alazwe alikuwa akiuliza Déo yuko wapi.

Mama alipona. "Mungu aksanti," anasema. "Lakini nilipofika, aliniuliza: mutoto, ulikuwa wapi? Nimwambie nilikuwa ku nyumba na simu mukononi?"

Baadaye alirudi kwenye ule ukurasa na kuusikiliza. Habari ya vidole viwili ilikuwa pale, mstari wa nne.

Tangu siku hiyo hafanyi mchezo. Toleo jipya likiingia, anasimamisha mashine, anakaa, anasikiliza tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, mara mbili. Kifaransa chake, anasema, ni cha redio. Neno lisipoeleweka anamuuliza Grégoire, jirani anayefanya kazi katika ofisi ya shirika moja.

Mwezi wa sita, akisikiliza, alisimama ghafla. Toleo jipya lilisema simu sasa inaweza kutaja rangi ya kitu kilicho mbele ya kamera.

"Nilimwita Clémence kwa sauti," anakumbuka. "Alifikiri nyumba inawaka."

Grégoire alikuwa na simu ya aina ile ile. Alijaribu jioni hiyo, chini ya taa, juu ya sweta ya bluu ya mwanawe. Simu ikasema nyeusi. Akajaribu tena. Nyeusi. "Papa Déo, ni uongo," alisema. "Usiweke kazi yako kwa kitu hii."

"Ulisoma mpaka mwisho?"

"Nilisoma ya kutosha."

"Uko na diplôme, unaogopa mistari kenda?" Papa Déo alimuuliza, kwani ukurasa mzima ulikuwa na mistari tisa tu. "Mustari wa mwisho unasema hivi: tumia mwanga wa mchana, taa inaharibu rangi."

Kesho yake asubuhi walitoka nje na sweta ile ile. Simu ikasema bluu. Grégoire mwenyewe anakiri. "Nilishindwa na mutu asiyeona, ku jambo ya kuona," anasema.

Habari ikateremka mtaa mzima. Sasa wenye macho humjia. Mmoja herufi zake zimekuwa kubwa kama za kwenye bango. Mwingine ujumbe wake unafutika wenyewe baada ya siku saba. Asubuhi hiyo hiyo, kabla bobini hazijaisha, Maman Bintu, muuza ndizi, anasimama mbele yake.

"Papa Déo, kuna kitu kimetokea ku simu yangu."

"Kitu gani?"

"Kako kama duara. Pale juu, kulia."

"Maman, mi sioni kulia. Kagonge, tusikie kanasema nini."

Anawasha sauti ya kusoma kwenye simu ya mama huyo, na simu inasoma. Ni mahali papya pa kutafutia ujumbe wa zamani. Maman Bintu anashangaa kwamba maelezo yalikuwepo muda wote. Papa Déo halipishi huduma hiyo. Maman Bintu anamwachia ndizi nne, na Clémence anazipokea kabla mumewe hajakataa.

Saa tatu, sweta sitini za mwaka mpya, ambazo uzi wake ulipimwa hivyo hivyo juani, zimefungwa katika mifuko miwili juu ya pikipiki. Papa Déo anapanda nyuma, kuelekea Nyalukemba. Ofisini anaweka mifuko chini, anavua kofia, anasimama.

Maman Ghislaine anafungua mfuko. Anatoa sweta moja, anaiangalia. Kisha anatoka nayo.

"Anaenda wapi?" Papa Déo anauliza kwa sauti ndogo.

Anakwenda uani, kwenye jua. Anarudi, anachukua nyingine kutoka chini kabisa ya mfuko wa pili, anatoka tena. Papa Déo anaizungusha kofia mikononi. Viatu vya mkurugenzi vinarudi juu ya sakafu, na vinasimama mbele yake.

"Iko bleu marine, Papa Déo," anasema. "Zote. Za muhula ujao pia utafuma weye."

Papa Déo anakaa bila kuambiwa. Anajifuta uso kwa kofia. "Aksanti, Maman," anasema. "Aksanti sana." Anakumbuka bluu, anasema baadaye. Alipopofuka alikuwa na miaka kumi na mmoja, na bado ana picha ya ziwa pale Nguba, mchana, siku isiyo na mawingu. "Batoto sitini banavaa ile."

Sasa ana mpango. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi, atakusanya wasioona wa Cimpunda barazani pake. Yeye atasikiliza mambo mapya kwa Kifaransa, ayaeleze kwa Kiswahili chao cha Bukavu, na kuyatuma kwa sauti kwa wenzake walio Walungu na Uvira. Maman Virginie amesema naye atumiwe, ingawa ana macho.

Kuna jambo moja zaidi. Baada ya mstari wa mwisho wa kila toleo, simu huuliza: una maoni gani? Papa Déo anasema hajaona mtu anayejibu. Yeye hujibu kila mara, kwa sauti, akitaja jina lake na mtaa wake. Hajawahi kupata jibu, na hajali.

"Kuna mutu mahali fulani alikaa, akaandika mustari wa kenda," anasema. "Pengine wenzake walimwambia: acha, hakuna atakayefika pale. Minataka ajue kama mi nilifika."