Kisigino Kisinyanyuke

Siku hizi namvalisha Baba viatu mimi, kwa sababu goti lake lililopasuliwa bado halikunjiki. Leo viatu vyake vya mikanda vilikuwa vimelowa maji ya udhu, na harufu ya ngozi iliyolowa ikanikumbusha mabuti ya theluji.

Zamani alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa theluji ya bandia, watu wanakoenda kuteleza, kwenye kaunta ya kuazimisha mabuti na mbao. Darasa letu lilipopelekwa kule, yeye ndiye aliyepiga magoti kunifunga mabuti kwenye ubao wa kutelezea. Wenzangu hawakujua kuwa ni baba yangu, na mimi sikuwaambia.

“Kisigino chanyanyuka, mwanangu?” aliuliza taratibu.

Kilikuwa kinanyanyuka. Lakini nilitaka ainuke upesi, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kila kitu sawa.

Ubao haukunisikia hata kidogo. Niliugeuza kushoto, ukaenda mbele tu, nikaanguka kifudifudi. Baba akanifuata na bisibisi yake, akasogeza kishikio cha nyuma ya buti tundu moja, akakaza mikanda yake ya meno jino moja moja mpaka kisigino kikatulia.

Kisha akaniuliza swali lile lile. Safari hii aliuliza kwa Kiingereza, na akaniita madam.