Ng'ombe Aliyechangiwa Damu Kibati

Siku yangu ya kwanza kazini nilishikishwa mkia. Daktari Mkuu wa Mifugo, bwana mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, alinitoa ofisini Himbi, mjini Goma, akanipeleka kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Masisi. "Mama, tia vidole chini ya mukia. Unasikia nini?" Nilichosikia ni mavi tu. Wachungaji walicheka mpaka wakashika magoti. Mwanamke, tena Mnande wa Butembo, binti wa wauza maharagwe, anatafuta nini kwenye makalio ya ng'ombe? Kisha yakaja mapigo: tu, tu, tu. "Njo moyo," Daktari akasema, yaani ndio moyo wenyewe. "Iko mbele kule, lakini inatuma habari mpaka huku nyuma."

Vijana, habari hiyo nimeisoma maisha yangu yote ya kazi, na simjui aliyeisoma vizuri kuliko mimi. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

Nyinyi mna mashine. Sisi tulikuwa na vidole na macho. Moyo wa ng'ombe ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia inasukuma damu mapafuni ikachukue hewa safi, ya kushoto inaipeleka mwili mzima. Mishipa inayotoa damu moyoni ni ateri, ina kuta nene, nayo ndiyo inayodunda chini ya mkia. Inayoirudisha ni vena. Ile kubwa ya shingoni ukiibana kwa kidole gumba inavimba yenyewe, ndipo unachoma sindano. Damu ni mchukuzi: inabeba chakula kutoka utumboni, inagawa hewa, inaokota taka na kuzipeleka kwenye figo. Ukitaka kujua kama inatosha, funua ukope wa ng'ombe. Ukiona weupe badala ya wekundu, usikae chini.

Baada ya Masisi nilihamishiwa machinjioni Goma, chini ya Mkaguzi wa Nyama, mzee mkali asiyependa maswali ya kijinga. Yeye ndiye aliyenionyesha kondo la nyuma la ng'ombe mwenye mimba, lenye vifundo vinavyomshikisha ndama kwa mama yake. "Angalia muzuri," alisema. "Damu ya mama iko huku, ya mutoto iko kule. Haichanganyike."

Kisha vita vikawasukuma watu wa milima ya Masisi mpaka Kibati, nje kidogo ya Goma. Walijenga vibanda vya turubai juu ya mawe meusi ya volkano, nami nikatumwa huko chini ya Mkuu wa Kituo cha tiba ya mifugo, bwana mwepesi wa kufoka lakini mchapakazi. Kati ya wakimbizi hao alikuwepo mzee mmoja mfugaji. Katika kundi lake lote alikuwa ameokoa ng'ombe mmoja, mwenye mimba, na homa ya kupe ilikuwa inammaliza. Mkojo ulikuwa mwekundu, ukope mweupe, na alihema kama aliyepanda mlima ilhali amesimama tu. Dawa nilimpa, lakini damu iliyobaki haikutosha kubeba hewa. Nikasema anahitaji kuongezewa damu ya ng'ombe mwingine.

Jirani, mama mfanyabiashara wa pale Kibati, alikuwa akinenepesha dume la kuuza kwa wachinjaji wa mtaa wa Birere, Goma. Hakumjua mzee hata jina. "Dume yangu iko na damu mingi," alisema. "Muchukue."

Mzee akakataa.

"Hapana, mama. Iyi ngombe ilitoka kwa papa yangu, na ya papa ilitoka kwa babu. Nyumba iliungua, shamba ilibakia kule. Ni uzao wa iyi ngombe tu njo nilitoka nayo. Mukitia damu ya dume ya batu bengine, ndama itakuwa ya nani?"

Mkuu wa Kituo alifoka. "Mufunge kamba, mutie! Kesho muzee atashukuru."

"Hapana, shefu," nikamjibu. "Ngombe ni yake."

"Na ikikufa?"

Niliogopa sana, maana ng'ombe alikuwa ameanza kuyumba. Hata hivyo nilikaa kwenye jiwe kando ya mzee.

"Papa, jirani akiomba moto, unamupa makaa juu ya ukuta. Anaingia kwako?"

"Hapana."

"Njo vile ndani ya tumbo. Mama na mutoto wako na ukuta katikati. Hewa inapita, chakula inapita, uchafu inarudi. Damu haipite. Na ile ya dume haitakaa. Itasaidia siku kidogo tu, mpaka ngombe yako itengeneze ya kwake."

"Ule ukuta, uliuona?"

"Niliushika na hii mikono."

Aliitazama mikono yangu. "Tia."

Nilitoa damu shingoni mwa dume, nikaiweka kwenye chupa zenye dawa ya kuzuia isigande, nikaipitisha polepole kwenye vena ya mgonjwa, chupa zikining'inia juu na mkono wangu mmoja ukiwa chini ya mkia. Mapigo yaliyokuwa yakikimbia yakaanza kutulia. Jua lilipoelekea kutua, ng'ombe aliinamisha kichwa akang'oa majani. Nililia mbele ya watu wote, na sikuona aibu. Mkuu wa Kituo akasema, "Mama, siku ingine nitanyamaza."

Alizaliwa mtamba, ndama jike. Mzee alimgeuza, akamkagua pande zote, akacheka: "Ya papa, kabisa!"

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa, nanyi vijana mnaoanza kazi huja kuniuliza. Nawaambia mjifunze njia zote za damu, kisha mjifunze kumngoja mwenye ng'ombe akubali. Najivunia kwamba nilingoja. Ila kilichofuata hakikutoka kwangu.

Mtamba alipoacha kunyonya, mzee alimfunga kamba, akaniita nishuhudie, tukaenda kwa yule mama mwenye dume. Kwa wafugaji, ukimpa mtu ng'ombe, mmekuwa nyumba moja. Nilishtuka, maana hakuwa na ndama mwingine.

"Papa, unagawa ukoo?"

"Mama, ulisema damu ya dume yake haikufika kwa iyi mutoto."

"Haikufika."

"Basi mimi njo namufikisha kwake," akasema, akaiweka kamba mkononi mwa yule mama.