Mashine ya Mwani Niliyoogopa Kuikagua

Iko siku moja siisahau hadi leo, mwanangu. Nilikuwa kijana, sijatimiza mwaka serikalini, katika ofisi ya viwanda vidogo hapa Mji Mkongwe. Akaja Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani wa Jambiani. Alikuwa ameunda mashine ya kusaga mwani mkavu kwa mota ya pampu ya maji, mkanda wa mpira na visu alivyochongewa sokoni Darajani.

"Tumechoka kuuza mwani mtupu," akasema. "Tukiusaga, tutatengeneza sabuni wenyewe. Lakini mkanda huu nnauogopa. Naomba fundi wenu autazame kabla wanawake wenzangu hawajaanza kazi."

Karakana ya serikali ilikuwa nyuma ya ofisi, na fundi alikuwapo. Ilitakiwa saini yangu tu. Nikaogopa. Mashine kama ile sijapata kuiona. Ikiharibika baada ya mimi kusaini, mkuu wangu atanifanya nini? Nikamwambia, "Nenda nyumbani, Bi, tutakuita." Barua yake nikaitia kwenye droo, chini kabisa.

Hatukumwita. Alikuja tena mara mbili, nami nikajificha chumba cha pili, namsikia akiniulizia.

Miezi mitatu baadaye tukapata habari kwamba mashine imemkata mtu Jambiani. Nikaondoka kwenda huko, na njia nzima nilimwomba Mungu mtu huyo asiwe amekufa. Nikamkuta Bi Mwanaidi barazani kwake, mkono ulionaswa na mkanda umefungwa bandeji, vidole viwili hana. Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu, akanitazama. "Sikukuombeni mniundie mashine. Niliiunda mwenyewe. Nilitaka mtu mmoja wa serikali anionyeshe hatari iko wapi. Ungeniambia haifai, ningeiacha. Wewe ulininyamazia."

Nikarudi mjini, nikamwendea mkuu wangu, nikakiri kuwa barua niliificha. Nilijua ananifukuza. Akasema, "Kesho ilete hiyo mashine." Fundi aliufunika ule mkanda kwa bati kwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, mwanangu!

Wanawake wale wakatengeneza sabuni zao. Bi Mwanaidi hakunikasirikia hadi alipofariki, lakini kila nilipomtembelea akanimiminia chai, sikujua niyaweke wapi macho yangu.

Sasa wewe unaanza kazi katika ofisi kama ile. Watakuja watu na vitu ambavyo hujapata kuviona, na utaogopa. Hofu hiyo si aibu; nenda nayo karakanani, mkakijaribu kitu hicho pamoja na mwenyewe aliyekibuni. Kikifaa, sema, na kisipofaa pia sema. Serikali haiwezi kubuni kila kitu, lakini ina mafundi na vipimo ambavyo mtu wa Jambiani hana. Usimnyime jibu kwa kulinda kiti chako.

Mungu akuonyeshe hatari mapema na akupe ulimi wa kuisema. Na akuepushe, mwanangu, na hofu hii ninayozeeka nayo.